Kihesabio Hakihesabu Picha: Fundisho la Kamera ya Mkono kwa Mwalimu Mwanafunzi

Katika vyuo vyetu vya ualimu mwanachuo hufundishwa namna ya kufundisha, lakini ni mara chache hukumbushwa namna mtu anavyojifunza. Afikapo chuoni amekwisha kusahau siku zile alipokuwa hajui kushika kalamu, na herufi zilipokuwa mbele yake kama nyayo za kuku mchangani. Kwa hiyo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha hustaajabu kumwona mtoto wa darasa la pili akishindwa jambo ambalo kwake yeye ni jepesi. Na kutoka kwenye mshangao hadi kwenye hasira si mwendo mrefu.

Maoni yangu katika makala hii ni kwamba kila mwalimu mwanafunzi, kabla ya kupelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ajifunze kazi moja ya mikono ambayo haijui kabisa, na aandike siku kwa siku jinsi alivyoijifunza. Kazi ninayoipendekeza ni kutumia kamera ya filamu isiyojiendesha, ile ambayo mtu mwenyewe huitia filamu, huipimia mwanga, huilenga na kuivuta kwa mkono wake. Najua kwamba wako watakaocheka, kwa kuwa siku hizi karibu kila mwanachuo ana simu yenye kamera mfukoni. Hoja yao nitaijibu baadaye. Kwanza yafaa tuijue kamera yenyewe.

Kamera Yenyewe

Kamera ya aina hii ni kisanduku cha giza chenye lenzi mbele na filamu nyuma. Katikati pana pazia dogo, ambalo mafundi huliita shata. Pazia hilo hufunguka kwa muda mfupi na kujifunga. Mpiga picha ana mambo matatu ya kuamua. La kwanza ni ukubwa wa tundu la lenzi, la pili ni muda ambao pazia litakaa wazi, na la tatu ni umbali wa kulenga. Filamu nayo ina namba yake ya wepesi wa kupokea mwanga, kwa mfano ISO 100 au 400.

Tundu na muda hufanya kazi pamoja, kama bomba na ndoo. Ukifungua bomba sana, ndoo hujaa upesi. Ukilifungua kidogo, itakubidi ungoje. Namba za tundu zilizoandikwa kwenye lenzi ni 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16, na kila hatua moja kwenda mbele hupunguza mwanga kwa nusu. Namba za muda ni 1/30, 1/60, 1/125, 1/250 na kuendelea, nazo pia kila hatua hupunguza muda kwa nusu. Kwa hiyo tundu 16 kwa muda wa 1/125 hupitisha mwanga uleule ambao hupitishwa na tundu 11 kwa muda wa 1/250. Mchana wa jua kali, ukiwa na filamu ya ISO 100, kanuni ya wapiga picha ni tundu 16 kwa muda wa 1/125. Kukiwa na mawingu mepesi watafungua hadi 11, na mawingu yakiwa mazito zaidi watafungua hadi 8 au 5.6.

Hapa mwanafunzi hukwama: mbona namba ndogo ndiyo tundu kubwa? Jibu lake ni hesabu ya sehemu tunayoifundisha katika shule za msingi. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye 2, upana wa tundu ni 50 kugawanywa kwa 2, yaani milimita 25. Ikiwekwa kwenye 16, upana ni kama milimita 3 tu. Mwanachuo aliyekwamishwa na jambo hili hatamcheka tena mtoto anayesema kwamba 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 4. Atakuwa amelifanya kosa hilohilo akiwa mtu mzima.

Kosa Langu

Sasa nieleze jinsi nilivyojifunza jambo ambalo ndilo kiini cha makala hii. Mwaka 1994 nilikuwa mkufunzi kijana katika chuo kimoja cha bara, nami nilipewa jukumu la kuongoza kikundi cha wapiga picha. Tulikuwa na kamera moja na wanachuo tisa. Mwalimu mmoja mzee wa shule ya mazoezi alikuwa anastaafu, baada ya kufundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi, na mkuu wa chuo akaomba kikundi chetu kipige picha za sherehe. Tukapata filamu moja ya picha 36.

Nilifundisha kwa muda wa saa mbili chini ya mwembe. Nilichora kamera ubaoni, nikaandika jina la kila sehemu, na wanachuo wakanakili. Nilipouliza, "Mmeelewa?" walijibu kwa sauti moja kwamba wameelewa. Nilimwita mmoja baada ya mwingine aoneshe sehemu kwa kidole, na wote walizitaja bila kosa. Nikaridhika. Kazi ya kupiga picha nilimpa kijana mmoja mpole aliyetoka kijijini, ambaye kabla ya hapo hakuwa amewahi kushika kamera. Alijitilia filamu mwenyewe usiku wa kuamkia sherehe, ili asinisumbue.

Sherehe ilikuwa nzuri. Mzee alipewa baiskeli, watoto waliimba, na wazee waliokuwa wanafunzi wake wakaja na wajukuu wao ili wapigwe picha pamoja naye. Kijana alifanya kazi kwa bidii. Jioni alinijia akiwa na furaha, akasema, "Mwalimu, picha zimefika 41 na wenzo bado unavutika." Palepale moyo wangu ukashtuka. Filamu ya picha 36 huweza kutoa moja au mbili za nyongeza, lakini si tano. Nilizungusha kifundo cha kurudishia filamu, kikazunguka kilegevu bila kuvuta kitu. Nilipofungua mgongo wa kamera, filamu yote ilikuwa ndani ya kopo lake. Ncha yake haikuwa imeshikwa na kijiti cha kupokelea. Siku nzima kijana yule alikuwa akivuta wenzo, na kihesabio kikipanda, pasipo filamu kusogea hata kidogo.

Nilimkaripia mbele ya wenzake. Nilimwita mzembe. Alinikabidhi kamera kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo hakuja tena kwenye kikundi. Mwaka uliofuata mzee yule alifariki dunia, na watoto wake wakaja chuoni kuomba picha ya siku ile. Hatukuwa nayo.

Baadaye, nilipokuwa nikipanga karatasi zangu, nilikutana na andalio la somo lile la chini ya mwembe. Mahali pa lengo niliandika: "Mwanafunzi aweze kutaja sehemu za kamera." Nilisoma mstari ule mara nyingi. Lengo lilikuwa limetimia! Waliweza kutaja. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kutia filamu mbele yangu. Tena sikuwaambia jambo ambalo kila mpiga picha analijua, kwamba baada ya kutia filamu, ukivuta wenzo, hutazami kihesabio. Unatazama kifundo cha kurudishia kilicho upande wa pili. Kikizunguka, filamu inakwenda. Kisipozunguka, fungua uanze upya. Kihesabio huhesabu mavuto ya mkono, hakihesabu picha.

Kosa lilikuwa langu, nami nilimbebesha mwanafunzi. Niliondoka katika chuo kile bila kumwomba radhi, na hadi leo sijui alipo.

Kihesabio cha Mwalimu

Ndugu zangu wanachuo, mwalimu naye ana kihesabio chake. Ni azimio la kazi lenye alama za vyema, mada moja baada ya nyingine, wiki kwa wiki. Ni ubao uliojaa maandishi. Ni ile sauti ya darasa zima ikijibu, "Ndiyo, mwalimu!" Hivyo vyote hupanda hata kama hakuna kitu kinachosogea ndani ya vichwa vya watoto. Mwalimu anaweza kuvuta wenzo wake tangu Januari hadi Novemba, akamaliza muhtasari wote, na siku ya mtihani akafungua mgongo wa kamera na kukuta filamu ingali ndani ya kopo.

Basi ni lazima tujue kifundo cha upande wa pili kiko wapi. Kwangu mimi, kifundo hicho ni kazi ambayo mtoto anaifanya mwenyewe wakati mwalimu anatazama bila kusema. Mtoto akizidisha 23 kwa 4 kwenye daftari lake, na ukaona anavyobeba kumi, kifundo kimezunguka. Akikariri wimbo wa kuzidisha pamoja na wenzake hamsini, hujui bado. Kwa sababu hiyo, uandikapo lengo la somo, likague neno la kitendo. "Ataje" si sawa na "atumie," na "aeleze" si sawa na "afanye." Lengo lililoandikwa kwa kitendo kisichohusika humdanganya mwalimu kabla halijamdanganya mtu mwingine yeyote.

Njia Ninayoipendekeza

Tangu wakati ule nimefundisha kamera kwa njia nyingine, nami nashauri wakufunzi waijaribu. Kamera iliyonifaa zaidi ni Pentax K1000, ambayo ilitengenezwa tangu mwaka 1976 hadi 1997 na kupendwa sana na waalimu wa upigaji picha kwa sababu haina mapambo. Betri yake ni ya kipimamwanga tu. Pazia hufanya kazi hata bila betri. Kamera nyingine yoyote ya aina hiyo yafaa.

Siku ya kwanza hatutii filamu. Mwanachuo hufungua mgongo wa kamera, huweka muda wa sekunde 1, hufyatua na kutazama pazia likifunguka na kufunga. Kisha huweka 1/60, kisha 1/1000, na kuielekeza kamera dirishani. Huona kwa macho yake yale ambayo nilikuwa nikiyasema kwa mdomo. Baada ya hapo hubandika kipande cha karatasi ya kunakilia mahali pa filamu, huacha pazia wazi kwa kutumia alama ya B, huku amefungua tundu lote na chumba kimetiwa giza. Hapo dirisha na mti ulio nje huonekana juu ya karatasi, miguu juu kichwa chini. Sijapata kuona mwanachuo aliyelitazama jambo hilo akakaa kimya. Huo ndio wakati wa kumweleza kwamba mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka, na kwamba Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki karibu na mwaka 1040, aliuchunguza mwanga upitao kwenye tundu la chumba cha giza karne nyingi kabla ya filamu kubuniwa. Maelezo yakija baada ya mshangao hukaa. Yakija kabla yake hupita.

Siku ya pili ni ya kutia filamu, kwa kutumia filamu mbovu iliyokwisha kuharibika. Kila mwanachuo huitia na kuitoa mara kumi, na mara tatu za mwisho akiwa amefumba macho. Hakuna anayesonga mbele kabla kifundo hakijazunguka mbele ya mwenzake.

Siku ya tatu tunashughulikia tundu peke yake, na muda haubadilishwi. Siku ya nne ni muda peke yake. Siku ya tano ndipo viwili hivyo hukutanishwa. Katika somo langu la mwaka 1994 nilivifundisha vyote ndani ya nusu saa, kwa kuwa mimi nilivijua vyote. Huo ni ugonjwa wa ajuaye: husahau kwamba mambo matatu mapya kwa pamoja ni mzigo ambao akili ya anayeanza haiwezi kuubeba.

Siku ya sita hutiwa filamu ya kweli. Mwanachuo hupewa picha sita tu, na daftari. Kwa kila picha huandika namba, tundu, muda, hali ya mwanga, na yale anayoyatazamia kuyaona. Filamu ikisafishwa, matokeo huwekwa kando ya daftari. Anayeandika hujua kwa nini picha ya nne imetikisika, maana ataona kwamba alitumia 1/15 bila kuegemea kitu. Asiyeandika husema tu kwamba hana bahati. Nanyi mtakapokuwa na daftari la maendeleo ya wanafunzi, kumbukeni tofauti hiyo.

Wastani wa Darasa

Liko jambo moja zaidi ambalo kamera hutufundisha, nalo lahusu kipimamwanga. Chombo hiki hakijui unapiga picha ya nini. Hukadiria mwanga wa eneo lote, kisha hudhani kwamba kila kitu duniani kina rangi ya kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mtoto wetu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, chombo kitashikwa na weupe wa ukuta, na mshale utakuambia kwamba mwanga unatosha kabisa. Picha itakapotoka, ukuta utakuwa kijivu na uso wa mtoto utakuwa giza tupu lenye meno.

Wapo waliodhani kwamba kosa ni la ngozi ya mtoto. La hasha! Kosa ni la kupimia ukuta badala ya uso. Dawa yake ni kusogea karibu mpaka uso ujae kwenye kitundu cha kuchungulia, kuweka tundu na muda, kisha kurudi nyuma na kupiga picha bila kubadili namba. Vivyo hivyo mwalimu apimaye uelewa wa darasa kwa wale watano wa mbele wanaonyosha mikono amepima ukuta. Mtoto wa nyuma atatoka gizani, na shule itasema kwamba ni mzito wa kuelewa. Sogea karibu, upime uso.

Hoja za Wanaopinga

Wenzangu kadhaa wamenipinga, na hoja zao hazistahili kupuuzwa.

Wa kwanza husema kwamba kamera ya filamu imepitwa na wakati, na kwamba simu hufanya yote. Ni kweli, na sipendekezi mtu aache simu yake. Lakini kwa sababu hiyohiyo simu haifai kwa zoezi hili. Simu hulenga yenyewe, hupima yenyewe na kusahihisha makosa ya mtumiaji kabla hajayaona. Hutoa picha nzuri pasipo kutoa mpiga picha. Tena huonyesha matokeo papo hapo, na kazi yetu ya ualimu haiko hivyo. Mtoto unayemfundisha kusoma leo utamjua miaka mingi baadaye, au usimjue kabisa. Ni vyema mwalimu azoee kutenda kwa uangalifu pale ambapo jibu litachelewa.

Wa pili husema kwamba filamu ni ghali. Hilo nalo ni kweli, na siku hizi ni adimu pia. Ndiyo sababu siku tano za mwanzo katika mpango wangu hazitumii filamu nzuri hata moja. Chuo kisicho na filamu kabisa kinaweza kuishia siku ya tano, na faida kubwa itakuwa imekwisha kupatikana. Kamera za zamani zimelala katika stoo za vyuo na makabati ya nyumba nyingi. Aghalabu hazina ubovu, ila zimesahauliwa.

Wa tatu, ambaye ndiye niliyemheshimu kuliko wote, aliniuliza: kwa nini isiwe cherehani, au kusuka mkeka? Nilimjibu kwamba ana haki. Chuo chenye cherehani kitumie cherehani. Sharti langu ni moja tu: kazi iwe ngeni kwa mwanachuo, na aifanye kwa mikono yake mwenyewe. Ninaipenda kamera kwa kuwa ndani yake mna hesabu, sayansi na subira kwa pamoja, na kwa kuwa ni kazi ambayo hata mtoto anaweza kuianza. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya sanduku angali mwanafunzi. Mwaka 1984 ni yeye aliyepiga picha za televisheni zilizoifanya dunia iione njaa ya Ethiopia.

Wa nne husema kwamba muda wa chuo hautoshi. Huyo namwomba ahesabu muda ambao mwalimu mpya huupoteza katika mwaka wake wa kwanza kazini, akirudia kwa sauti kubwa zaidi maelezo yaleyale ambayo hayakueleweka mara ya kwanza.

Hitimisho

Sidai kwamba kamera itamfanya kila mwanachuo awe mwalimu mwema. Nadai tu kwamba aliyekaa juzi mbele ya chombo asichokijua, akatetemeka vidole, akakosea mara tisa na kufaulu mara ya kumi, hatamwita mtoto mzembe kwa wepesi. Atajiuliza kwanza kama yeye mwenyewe alimwonyesha kifundo cha upande wa pili.

Basi, mwanachuo, utakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, fanya jambo moja dogo. Kila umalizapo somo, kabla hujatia alama ya vyema kwenye azimio la kazi, mwite mtoto mmoja aliyekaa nyuma, mpe kazi aifanye mbele yako, nawe unyamaze. Akiweza, tia alama yako. Asipoweza, usimkaripie. Fungua, utie filamu upya.